Kaka yake ana sukari. Huyu mdogo nitajuaje kabla hajafika alikofika mwenzake?

Umm Twalib (Langoni, Lamu)

Asalaam alaykum jamani. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo naandika mwenyewe. Ni saa sita usiku, watoto wamelala, baba yao yuko baharini upande wa Kiwayu. Mkiona nimeandika marefu mnisamehe, saa hizi sina mwingine wa kumwambia.

Nina watoto wawili. Twalib ana miaka tisa, Swafiya anatimiza minne mwezi ujao. Twalib ana sukari, ile ya sindano, tangu mwaka jana. Swali langu ni la Swafiya, ila siwezi kuliuliza bila kueleza ya kakake.

Wa kwanza kuona mambo alikuwa maalim wa chuoni, si mimi. Alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwanao siku hizi hamalizi ukurasa, kila mara aomba ruhusa ya kwenda kukojoa." Nikajua ni utundu, anatoroka kusoma. Nikamkemea. Mara akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka minane aliyeacha tangu ana miwili. Bibi yake akasema kuna kitu kimemstua usiku, akasomewa. Usiku nasikia tu, "Mama, nipa mai." Nampa kikombe, anakimaliza, anataka cha pili. Mwisho nikawa namwekea jagi zima kando ya kitanda, na asubuhi nalikuta tupu. Nami nikawa namsifu! Mashallah, mwanangu anakunywa maji, si soda kama watoto wa watu. Chooni sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kutoka mlangoni hadi shimoni. Nikawamwagia mafuta ya taa nikaendelea na kazi zangu.

Kanzu aliyoshonewa Idi, iliyokuwa imeanza kumbana, ikaanza kumpwaya. Hiyo pia niliiona kwa macho yangu na sikuielewa.

Halafu akaanza kutapika na kushika tumbo. Zahanati tuliyokwenda, siitaji, wakamwandikia vidonge vya malaria vya siku tatu. Siku ya pili anapumua kama mtu aliyetoka mbio, na amelala kitandani! Tukarudi, tukaambiwa ni kifua, tukapewa dawa ya maji. Mdomo wake ulikuwa na harufu ya tunda lililoanza kuchacha. Siku ya tatu nikamwita, akanitazama kama mtu asiyenijua. Ami yake akamtia mgongoni akapita naye vichochoro vyote hivi vyetu mbio, watu wanabana ukutani kumpisha, mpaka hospitali. Huko nesi mmoja kijana, Mungu amlipe, kabla ya kuuliza lolote akamdunga kidole. Mashine haikuandika namba. Iliandika HI. Wallahi mimi nilidhani inasalimia. Nilijua si salamu nilipouona uso wa yule nesi.

Siku nne za dripu. Alirudi, alhamdulillahi.

Sasa nije kwa Swafiya. Mama mkwe wangu ni khalati yangu, maana mimi na mume wangu ni watoto wa dada wawili. Kwenye familia maneno ni kwamba damu moja imegongana, na kama imempiga wa kwanza itampiga na wa pili. Je, ni kweli tumewaletea watoto wetu maradhi kwa kuoana?

Pili, kuna mtu alisema kuwa huko nje mtoto hupimwa damu akajulikana kuwa atapata sukari, na bado ni mzima anacheza. Kweli ipo hiyo? Mtu wa Lamu ataipata wapi?

La tatu naona aibu kulisema. Tangu mwezi uliopita namdunga Swafiya kila asubuhi kwa mashine ya kakake. Namba ni nzuri siku zote, 4 na kitu, 5 na kitu. Lakini akiomba tu maji, moyo unanianguka. Nahesabu anavyokwenda chooni. Amefika mahali akiniona nimeshika ile pochi ya mashine anaficha mikono kwapani. Na zile stripi ni za Twalib, zinakwisha kabla ya mwezi. Nafanya sawa au nawaumiza wote wawili?


Mzee wa Shamba

Pole mwanangu. Mimi nina sukari mwaka wa kumi na mbili huu. Chemsha majani ya mwarobaini, glasi moja asubuhi kabla ya kula chochote. Mimi nimeacha chai ya sukari na mahamri na namba zimeshuka. Watoto wa siku hizi wanalishwa biskuti na juisi za pakiti, ndipo yanapotokea haya. Hizo sindano ukizianza huziachi tena.


Nesi wa Malindi

Waalaykum salaam Mama Twalib. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya sukari huku Malindi miaka kadhaa. Jina naliacha.

Nianze na mzee hapo juu, kwa heshima zake zote. Mzee wangu, sukari yako ni ile ya ukubwani. Kongosho lako bado linatoa insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, mwili ndio mkaidi kuipokea, na ukiacha mahamri unausaidia. Ya Twalib ni nyingine kabisa. Kinga ya mwili wake, wale askari wa kupigana na maradhi, wamezigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Mwarobaini haufufui chembe iliyokufa, na biskuti hazikuiua. Mtoto wa namna hii akikosa insulini hatuhesabu miaka, tunahesabu siku. Umesema sindano ukizianza huziachi. Kweli, haachi, kama vile haachi kula.

Na kuna mtego hapa, Mama Twalib, sijui kama uliambiwa. Baada ya kuanza sindano, zile chembe chache zilizobaki hupata nafuu kidogo, dozi inashuka, wengine inakaribia kuisha kabisa kwa wiki au miezi. Hapo ndipo familia husema amepona, na aliyempa kombe au majani ndiye anayepata sifa. Sindano inaachwa. Nimewapokea watoto wa hivyo. Mmoja nilimpokea mara mbili.

Ndoa yenu msiilaumu. Baadhi ya magonjwa ya jeni moja, kama siko seli, yanahitaji baba na mama wote wawili wawe nayo, na hapo watu wa damu moja wakioana hatari huongezeka. Sukari ya watoto haiendi hivyo. Jeni zinazohusika ni nyingi, kubwa zaidi ni za kundi liitwalo HLA, na watu wengi mno wanazibeba wakazeeka nazo bila kuugua. Hata mapacha wa kufanana kabisa, jeni zile zile, mmoja akiugua si lazima mwenzake augue. Na watoto wengi wanaogunduliwa, zaidi ya 80 katika kila 100, hawana mzazi wala ndugu mwenye ugonjwa huu. Kwa hiyo akija mtu na maneno ya damu kugongana mwambie aende akawaulize hao 80 damu zao ziligongana na nini.

Hatari ya Swafiya ipo, sikufichi. Kwa hesabu za nchi zilizofuatilia watoto wengi, mtoto ambaye ndugu yake wa tumbo moja ana sukari hii, uwezekano wake ni kama 5 kati ya 100. Mtoto wa kawaida kule Marekani ni kama mmoja kati ya 300. Kwa hiyo ndiyo, yuko juu kuliko mtoto wa jirani. Lakini igeuze uione upande wa pili: Swafiya 100 wakipangwa ukumbini kwako, 95 hawataugua.

Sasa kidole. Acha kumdunga kila asubuhi. Sisemi kwa kuwa unamuumiza tu, nasema kwa sababu unapima saa isiyokuambia kitu. Ugonjwa huu unapoanza, sukari ya asubuhi kabla ya kula ndiyo ya mwisho kuharibika. Kongosho lililochoka bado linaweza kushikilia usiku mtoto akiwa hajala, linashindwa baada ya chakula. Utaona 5 asubuhi, utatulia, na wali wa mchana utampandisha bila wewe kujua. Ukiwa na wasiwasi kweli, mpime saa mbili baada ya mlo mkubwa, si zaidi ya mara moja moja, na uwe na sababu. Sababu ni zile ulizoziandika mwenyewe vizuri kuliko vitabu vyetu: jagi tupu, kitanda kilicholowa, kanzu inayopwaya, mtoto wa mbio aliyegeuka wa kulala. Ukiona hizo mpime saa hiyo hiyo, hata usiku. Namba ikifika 11.1 au zaidi naye ana dalili, usingoje asubuhi, usingoje baba arudi baharini. Siku hiyo hiyo hospitali.

Na mnawishe mikono kwa sabuni kwanza, umkaushe. Usidharau hili.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili. Huku kwetu pwani mtoto akitapika ni malaria, akihema ni nimonia, mpaka ithibitike vingine. Mara nyingi wanaosema hivyo wako sawa, ndiyo maana wanakosea kwa Twalib. Kwa hiyo Swafiya akiugua chochote, homa, kutapika, kuhema, ukifika kwenye dirisha usianze na dalili. Anza na maneno manne: "Kakake ana sukari, mpimeni." Kipimo hicho hakifiki dakika moja. Hata ikiwa kweli ana malaria, hamjapoteza kitu.

Kama mtu atataka kumpima kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, waambie kama kuna siko seli kwenye ukoo au kama mtoto ana upungufu wa damu, maana hapo namba yake hudanganya. Pwani hii wengi tunayo bila kujua.


Umm Twalib

Dada nesi, nimesoma mara tatu. Hilo la asubuhi kuwa ndiyo ya mwisho kuharibika, hakuna aliyewahi kuniambia. Mwezi mzima nimekuwa nachungulia mlango wa mbele na mwizi anapitia nyuma.

Lakini hujanijibu kile kipimo cha huko nje. Kipo? Na niuze hereni zangu nimpeleke Nairobi?


Nesi wa Malindi

Hereni ziache masikioni kwanza.

Kipimo kipo. Wale askari waliogeuka huacha nyayo kwenye damu, tunaziita kingamwili. Zinazotafutwa ni za aina nne: dhidi ya insulini yenyewe, na dhidi ya protini tatu zilizomo kwenye chembe za kongosho, GAD, IA-2 na ZnT8. Nyayo hizo zinaweza kuonekana miezi, hata miaka mingi, kabla mtoto hajaomba maji ya usiku. Wengi huanza kuwa nazo wakiwa wadogo mno, kati ya miezi tisa na miaka miwili hivi.

Hili lilijulikana kwa kufuatilia watoto kwa subira kubwa. Kuna utafiti unaitwa TEDDY. Kuanzia 2004 hadi 2010 walipima watoto wachanga zaidi ya 424,000 huko Marekani, Finland, Ujerumani na Sweden, wakatazama jeni zao, wakabaki na 8,676 waliokuwa na hatari. Hao wakawa wanatolewa damu kila miezi mitatu mpaka wafike miaka minne, kisha kila miezi sita. Hebu fikiria hao akina mama.

Mtoto akiwa na kingamwili ya aina moja tu, wengi hawaendi mbali, na wengine hupotea zenyewe. Akiwa na mbili au zaidi, hapo mambo ni mengine: kama 70 kati ya 100 huwa wameugua ndani ya miaka kumi, na waliobaki wako njiani. Ndiyo maana tangu 2015 wataalamu wanasema ugonjwa huanzia hapo hapo. Hatua ya kwanza ni kingamwili mbili na sukari nzuri. Ya pili sukari imeanza kuyumba, dalili bado. Ya tatu ndiyo sisi tunayoiita kuugua. Twalib mlimpata mwisho kabisa wa hatua ya tatu.

Dawa ya kuchelewesha ipo pia, sitaki usikie nusu nusu. Inaitwa teplizumab, Marekani waliipitisha mwishoni mwa 2022, kwa walio hatua ya pili wenye miaka minane na kuendelea. Ni dripu kila siku kwa siku 14, na huchelewesha kama miaka miwili kwa wastani. Bei yake huko ilipotoka ilikuwa karibu dola 194,000. Piga hesabu kwa shilingi ukiwa umekaa.

Huku kwetu, maabara kubwa za binafsi Nairobi hupokea damu ya kipimo cha GAD. Kimoja katika vinne. Na jibu zuri la leo si la milele. Huko wanakopima kwa mpango, mtoto akipimwa mara mbili, akiwa na miaka miwili na tena akiwa na sita, ndipo wanapowapata wengi. Kwa hiyo ukiniuliza kama nesi anayejua nauli ya basi kutoka Mokowe, nitakwambia: faida kubwa ya kipimo kile ni kumfanya mama awe macho ili mtoto asifike hospitali akiwa hamjui mtu. Wewe umeshakuwa macho, umelipia kwa Twalib. Fedha ukizipata nunua stripi, ziwe za Swafiya peke yake, ziandike jina lake, usile za kaka yake. Ndugu wa ng'ambo akisema analipia kipimo, sawa, nenda, ila uende kwa daktari wa watoto atakayekusomea jibu. Karatasi yenye neno GAD na alama ya kujumlisha mkononi mwa mama aliye peke yake saa sita usiku, hiyo sikutakii.


Kijana wa Tuktuk (Malindi)

Salaam. Mimi ndiye Twalib akikua. Sukari nilianza nikiwa darasa la tano, sasa nina miaka 31, naendesha tuktuk, nina mke na mtoto mmoja. Mama Twalib, mwanao ataishi, usimtazame kama yai.

Nataka kusema kuhusu mdogo, maana mimi pia nina mdogo wangu. Nilipougua, nyumbani kitu kitamu kilipigwa marufuku kwa wote. Kaimati za Ramadhani hakuna, halua hakuna, chai ya kavukavu. Eti wamkinge mdogo. Mdogo wangu alikuwa anakwenda kula tende kwa jirani akijificha nyuma ya tangi la maji, na mpaka leo tukigombana hunikumbusha kuwa nilimla utoto wake. Hajaugua, ana miaka 27. Na kama angeugua si kwa sababu ya kaimati. Swafiya mwache ale.

Lingine la insulini yenyewe, kwa kuwa Lamu umeme ni kama wetu. Mimi niliwahi kuibeba kwenye sanduku la barafu la rafiki yangu muuza samaki, nikijiona mjanja. Iligusa barafu ikaganda. Ikayeyuka, ikaonekana kama maji ya kawaida, nikaitumia siku tatu huku sukari inapanda tu na mimi naongeza dozi. Ikiganda imekufa, itupe. Nyumbani stima ikipotea natumia mtungi wa udongo. Chupa kwenye kopo kavu lenye kifuniko, kopo ndani ya mtungi mdogo, mtungi ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, pahali penye upepo. Haiwi friji, lakini joto la mchana haliifikii. Ile uliyokwisha kuifungua huitumii zaidi ya wiki nne.


Bint Mkomani

Umm Twalib, mimi ni wa Mkomani, nimeolewa Ujerumani, nakaa Munich. Jimbo hili tangu 2015 daktari wa watoto anaweza kumpima mtoto zile kingamwili bure kwenye kliniki ya kawaida, hata kama hakuna mgonjwa kwenye familia. Wangu alipimwa akiwa na miaka mitatu, matone machache ya damu ya kidole. Nilikubali haraka haraka kwenye dawati, kisha nikakaa wiki mbili nikijuta, kila barua ikidondoka mlangoni nashtuka. Ikaja, hana.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini wake alionekana anazo mbili. Waliitwa wazazi wote wawili wakafundishwa mashine, wakafundishwa dalili, wakapewa namba ya kupiga. Alilia wiki nzima. Mwaka na nusu baadaye mtoto akaanza sukari, akaingia hospitali kwa miguu yake akiwa na kitabu cha kupaka rangi. Hapa watoto wanaogunduliwa bila kupimwa mapema, zaidi ya 20 kati ya 100 hufika wakiwa katika hali kama ya Twalib. Waliofuatiliwa ni chini ya 5. Italia nao walipitisha sheria 2023 ya kuwapima watoto nchi nzima.

Nakuandikia hivi nikijua huduma kama hii Lamu haipo. Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu kulikuwa na msichana alikonda hivyo hivyo, akinywa maji ya kisima kwa kata, tukaambiwa ana jini la bahari. Nimekuwa nikimfikiria tangu nikusome.


Umm Twalib

Narudi baada ya wiki tatu, maana niliahidi.

Nimeacha kumdunga asubuhi. Nilinunua boksi moja la stripi, nikaandika SWAFIYA kwa kalamu nyeusi, nikaliweka kabati la juu. Maalim nimemwambia, amesema atamwangalia kama alivyomwangalia kakake, na safari hii nitamsikiliza.

Juzi kulikuwa na harusi kwa majirani. Usiku Swafiya akaomba maji. Nikampa. Akaomba tena. Nikajiambia ni pilau, ni chumvi. Akaomba mara ya tatu, nami nimeshapanda kiti nashusha lile boksi, mikono inatetemeka mpaka nikamwaga stripi mbili sakafuni. Nikamdunga katikati ya usingizi wake. 13.8.

Jamani. Nilikaa chini pale pale. Nikampigia ami yake, nikamwambia njoo tumbebe. Nikaanza kutafuta kadi yake ya kliniki na buibui kwa pamoja. Twalib akaamka, akasimama mlangoni akitazama mashine, yeye anazijua namba kuliko mimi. Hakusema kitu. Akamshika dadake mkono, akaunusa. Kisha akaniambia, "Mama, ni halua hii."

Kumbe alilala na kipande mkononi. Kilikuwa kimeshikamana kwenye vidole, mpaka kwenye shuka. Dada nesi, uliandika "usidharau hili" na mimi nimelidharau hilo hilo! Tukamnawisha kwa sabuni, Twalib ndiye aliyemkausha kidole kimoja kimoja, nikampima tena mkono wa pili. 5.7. Ami yake akafika anahema, akatukuta tumekaa sakafuni, mimi nacheka na kulia.

Nilipomaliza kumlaza Swafiya, nikasikia maji yanamwagika uani. Nikatoka. Twalib amechuchumaa penye ndoo, amejipaka sabuni mpaka viwiko, anasugua. Nikamuuliza anafanya nini usiku huu.

"Nanawa," akasema. "Kisha unipime. Huenda na yangu ni halua."